Namna ya kusoma kifungu cha 64 na vijana bila kuwasha moto

Anza na viti. Mara ya kwanza nilipowaita vijana tusome Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, chini ya mwembe wangu, hapa Katuba, mjini Lubumbashi, nilikuwa na viti sita na watu kumi na tisa. Waliokosa viti walisimama nyuma, na saa nzima hao ndio waliokuwa wakihutubia. Siku hizi naazima mabenchi ya kanisa na sipokei zaidi ya watu kumi na wawili. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, naupika mwenyewe siku mbili kabla. Bia hapana, hata ile mtu aliyojinunulia.

Nafundisha uraia katika shule ya sekondari tangu 1994. Haya nayaandika kwa mwenzangu yeyote, mwalimu, katekista au kiongozi wa kikundi cha vijana, aliyeulizwa lile swali tunaloulizwa sote Lubumbashi: "Madamu, si Katiba yenyewe, kwa kifungu cha 64, inatupa haki ya kuasi?" Swali hilo lina makosa mawili. Kazi yote ya somo letu la Jumamosi ni kuwafikisha vijana mahali watakapoyaona kwa macho yao. Ukiwaambia wewe, watasema umelipwa.

Siku tatu kabla, nenda kwa shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa. Mkutano wa watu kumi na wawili kwenye parsela yako, yaani kiwanja chako, si maandamano, na kifungu cha 25 kinalinda mikutano ya amani isiyo na silaha. Hata hivyo nenda, mwachie karatasi yenye saa na mada. Mwaka mmoja niliona uvivu, sikwenda. Jirani akapeleka habari kwamba kwa Madamu kuna watu wanaosoma mambo ya kupindua. Akaja bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri sana, hakusema anatoka ofisi gani, akakaa benchi la nyuma hadi mwisho, kisha akaondoka na Katiba yangu. Haikurudi hadi leo. Nilijifariji kwamba huenda ameisoma.

Kisha weka sheria moja na uisimamie kama mlinzi wa geti: ndani ya saa ya kwanza hakuna kutaja jina la mwanasiasa aliye hai. Waliokufa, ruksa. Nimejaribu bila sheria hii, na kila mara tulifika kwenye kabila la fulani kabla ya kufika kwenye mstari wa pili wa kifungu.

Sasa maandishi. Katiba yetu ilipigiwa kura tarehe 18 na 19 Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa ndani ya siku 60, lakini kwenye meza yangu kinachofika ni Kifaransa. Mimi silisikitikii hilo, maana kutafsiri pamoja ndiko somo lenyewe. Nunua chaki, au chukua karatasi ya mfuko wa simenti uigeuze upande mweupe, uandike kifungu cha 64 kwa Kifaransa, herufi kubwa. Halafu mpe kila mmoja kipande chake akitafsiri kwa sauti.

Mwaka jana kundi langu lilimaliza saa nzima kwa maneno haya tu: "faire échec". Fundi wa simu mmoja alisema ni kupigana. Msichana anayeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni Kenya (komini yetu ya Kenya, si nchi) akamkatalia: "Échec ni kile unachopata kwenye mtihani. Hapa wanasema umfanye afeli." Wakabishana. Kupinga? Kuzuia? Kushinda? Mwishowe walikubaliana kuandika *kukwamisha*, kama gari linavyokwama kwenye tope: halikupigwa risasi, lakini haliendi. Usiwape neno hilo wewe. Waache walitafute. Wakishalipata wenyewe, fundi wako wa simu atalilinda kuliko unavyoweza kulilinda.

Tafsiri yetu ilitoka hivi, nawe uibadilishe upendavyo:

*Kila Mkongomani ana wajibu wa kumkwamisha mtu yeyote au kundi lolote linalotwaa madaraka kwa nguvu, au linaloyatumia kwa kukiuka Katiba hii. Kila jaribio la kupindua utawala wa Katiba ni kosa dhidi ya taifa na Dola, kosa ambalo miaka hailifuti. Linaadhibiwa kwa mujibu wa sheria.*

Hapo uliza maswali mawili, ukae kimya.

La kwanza: liko wapi neno "haki"? Watalitafuta. Halimo. Kimeandikwa wajibu, na kifungu chenyewe kimekaa katika sura ya wajibu wa raia, jirani na cha 65 kinachotutaka tulipe kodi. (Wanaopiga kelele za 64 barabarani sijawahi kuwasikia wakipiga za 65.) La pili: silaha imetajwa wapi? Nayo haimo. Ndiyo makosa mawili ya lile swali. Wewe hujasema chochote, umeuliza tu.

Pia hakikisha wanasoma hadi nukta ya mwisho. Wengi tuliosikia 64 redioni na kwenye mabango ya 2015 na 2016 tulisikia sentensi ya kwanza tu. Sentensi ya pili ndiyo inayomgeukia mwenye bunduki: anayetaka kuondoa utawala wa Katiba kwa nguvu ndiye anayepaswa kukwamishwa, hata kama anapunga kifungu cha 64 mkononi.

Baada ya hapo simu zitatoka mifukoni. Kila mwaka kuna kijana mwenye video ya Mmarekani amesimama mbele ya ukuta wa bunduki, akisema kwamba serikali ikiwa dhalimu wananchi wana silaha zao. "Kwa nini wao waruhusiwe na sisi tukatazwe?" Usimcheke, swali ni la haki kabisa, na ukilikwepa atatafuta jibu kwa yule wa kwenye video. Lazima uwe umejiandaa, kwa hiyo nakupa ninayobeba mimi.

Mabadiliko ya 2 ya Katiba ya Marekani yalipitishwa 1791, na kwa Kiingereza ni maneno 27 tu. Yanasema, kwa Kiswahili changu: kwa kuwa mgambo wenye nidhamu nzuri ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru, haki ya watu kuweka na kubeba silaha isivunjwe. Wamarekani wamegombana miaka na miaka: haki hiyo ni ya mgambo au ya kila mtu? Mwaka 2008 Mahakama Kuu yao, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema ni ya kila mtu, hasa kujilinda nyumbani kwake, na ikaongeza hapohapo kwamba haki hiyo ina mipaka. Kujilinda na mwizi, basi. Mahakama haikusema mtu aende na bunduki kuiondoa serikali.

Kisha mwambie kijana atafute mahali pengine katika Katiba hiyohiyo, kifungu cha 1, sehemu ya 8, kazi za mgambo zinapotajwa. Ni tatu: kutekeleza sheria za muungano, kuzima maasi, kufukuza wavamizi. Kuzima maasi! Hapo ndipo nyuso hubadilika. Mgambo wanaoutumia kama ushahidi wa haki ya kuasi, Katiba yao iliuweka uzime waasi. Na haikuwa nadharia. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliozidiwa na madeni walishika silaha, wakaongozwa na Daniel Shays, na Januari 1787 wakataka kuteka ghala la silaha la Springfield. Wakafukuzwa. Mei ya mwaka huohuo viongozi wakakutana Philadelphia kuandika Katiba mpya, na hofu ya maasi kama yale ilikuwa mojawapo ya sababu. Mwaka 1794 wakulima wa magharibi ya Pennsylvania walipokataa kodi ya pombe kwa mtutu, George Washington, yuleyule aliyekuwa muasi dhidi ya Waingereza, alikusanya mgambo karibu 13,000 akaenda nao mwenyewe sehemu ya njia.

Kijana mmoja aliniambia, "Kwa hiyo Washington aliasi, halafu akakataza kuasi." Nilimjibu ndiyo, papa, ndivyo ilivyokuwa. Tamko lao la 1776 linasema watu wanaweza kuiondoa serikali inayoharibu haki zao. Waliliandika kabla hawajawa na Katiba wala kura ya kumwondoa mfalme wa ng'ambo. Walipokwisha kuwa na Katiba, waliandika kwamba kuipigia nchi vita ni uhaini. Msimamo wangu ni kwamba ukiyasoma yote mawili pamoja huwezi kusema walijipinga tu. Lakini mwachie kijana swali lake. Ni zuri, na mimi mwenyewe sijalimaliza.

Mfano wa Ujerumani nautumia kwa dakika tano tu, kwa sababu unasaidia jambo moja. Mwaka 1968 waliongeza kwenye kifungu cha 20 cha Sheria yao ya Msingi haki ya kila Mjerumani kumpinga anayetaka kuuondoa utaratibu wa kikatiba, *kama hakuna njia nyingine*. Andika maneno hayo ubaoni pembeni ya 64. Uliza: na sisi, njia nyingine tunazo ngapi? Hapo kundi linaanza kufanya kazi badala ya kubishana.

Gawa watu watatuwatatu, kila kundi na nakala moja ya Katiba, robo saa, waorodheshe kila namna ya kukwamisha ambayo imo ndani ya kitabu. Kundi langu la mwisho lilileta hizi, nami sikuongeza hata moja: cha 26, kuandamana, ukiijulisha mamlaka kwa maandishi, cha 27, kupeleka ombi kwa mamlaka, mtu mmoja au wengi, na mamlaka ijibu ndani ya miezi mitatu, cha 28, hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi, cha 162, mtu yeyote, hata muuza sombe, anaweza kwenda Mahakama ya Katiba kuipinga sheria isiyopatana na Katiba. Wakaongeza kura, mgomo, na kufunga maduka siku ya mji mfu, yaani mgomo wa mji mzima. Cha 28 ndicho walichokipenda kuliko vyote, kwa sababu katika kundi kulikuwa na mtoto wa askari, akauliza polepole kama kinamhusu baba yake. Kinamhusu. Kinasema "hakuna mtu".

Wataguna: makaratasi hayo yamewahi kumkwamisha nani? Waambie Januari 2015. Bungeni kulikuwa na mswada wa sheria ya uchaguzi uliofunga kura na sensa ya watu, na kila mtu alihesabu kwamba sensa ya nchi hii ingeichelewesha kura ya rais miaka. Watu waliingia barabarani Kinshasa, Goma, Bukavu. Walipigwa risasi, wakafa watu, usilifiche hilo. Lakini ndani ya wiki moja Seneti ilikitoa kipengele kile. Gari lilikwama kwenye tope. Mwenye kitabu cha historia ya miaka ya bunduki na anionyeshe mara ngapi zilifanya kazi haraka namna ile.

Hapo ndipo naleta historia yetu. Tahadhari: hii ni sehemu ya hatari kuliko zote, na ni hapa naomba wazee wakae kimya hadi vijana wamalize.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, kabla haijawa Gécamines. Tarehe 11 Julai 1960 alisikia redioni kwamba Katanga, jimbo letu la wakati ule, ni nchi, na Januari 1963 alisikia tena kwamba si nchi. Alikuwa akisema, katika ile miaka, kila mwenye bunduki alikuwa na karatasi mfukoni iliyomruhusu. Mimi mwenyewe, Aprili 1997, wanajeshi wa AFDL, waasi wa Laurent-Désiré Kabila waliokuja kumwondoa Mobutu, walipoingia mjini nilikata tawi la mwembe huuhuu na kukimbia nalo hadi barabarani kuwashangilia. Nilikuwa mwalimu wa uraia! Mobutu alikuwa ametutawala tangu mapinduzi ya Novemba 1965, na hapakuwa na kura ambayo ingemtoa, hilo nalijua. Lakini mwezi uliofuata, tarehe 27 Mei, ilitoka sheria ya kikatiba iliyompa mtu mmoja, rais, hata kazi ya kutunga sheria. Na mtu aliyeipinga angetumia kifungu gani? Tawi langu lilikuwa limeshanyauka.

Sina haja ya kwenda mbali zaidi ya Jumamosi ya tarehe 23 Machi 2013. Nilikuwa sokoni. Wapiganaji wa Kata Katanga, kundi linalotaka Katanga ijitenge, walikuja kwa miguu, wengine na mishale, wengine na bunduki, na bendera ya Katanga, wakaelekea katikati ya mji. Tulilala chini ya meza za samaki, mimi na mwanamke nisiyemjua, mkono wake juu ya kichwa changu. Watu makumi walikufa siku ile, na waliobaki wa Kata Katanga wakaenda kujisalimisha kwenye kambi ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Nikiwauliza vijana kama wale walikuwa wakitekeleza wajibu wa 64, wengi hucheka. Nikiwauliza kwa nini wanacheka, kimya. Maana wale walioingia wangejibu ndiyo.

Swali la nani anaamua kwamba Katiba imevunjwa halina jibu fupi, na usijifanye unalo. Ninachofanya ni kuandika namba mbili ubaoni. Cha 188: majeshi ni ya taifa zima, yako chini ya mamlaka ya kiraia, na anayeyageuza kwa faida yake ametenda uhaini mkuu. Cha 190: hakuna ruhusa, na adhabu ni ya uhaini mkuu, kuunda jeshi, kikosi kama jeshi au mgambo binafsi, wala kulea vijana wenye silaha. Kwa hiyo Katiba yetu iliwapa watu wote wajibu, na bunduki ikaiweka mahali pamoja. Marekani waliandika kinyume: chombo wakampa mtu, na ruhusa ya kuinuka hawakuiandika. Mimi naona waandishi wetu, watu waliotoka kwenye vita viwili, walijua wanachofanya. Kijana wa video anaona walituacha mikono mitupu mbele ya mtu mwenye bunduki. Tumekuwa tukibishana hivyo miaka mitatu sasa, na bado anakuja.

Mwulize na hili, kwa upole: tukipewa leo bunduki moja kila nyumba Katuba, ni nyumba ipi itakayoibiwa yake kwanza usiku? Wote humjua mzee mmoja anayeishi peke yake. Mara nyingi hilo hufanya kazi kuliko Shays na Washington kwa pamoja. Na mwenye haraka akitaka kumiliki kihalali, sheria ya silaha ya 1985 inadai kibali. Mpeleke kwa avokati (wakili), si kwa mjomba wake.

Tangu Goma, mashariki ya nchi, ilipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, kuna swali ambalo halikuwapo zamani: "Na Wazalendo?", yaani vikundi vya raia wenye silaha wanaopigana upande wa serikali. Wengi hapa wana ndugu kule. Ninafungua cha 63, jirani wa 64, kinachosema kuilinda nchi dhidi ya uvamizi wa nje ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Kisha nafungua tena cha 190. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya jeshi la akiba, na wengine husema hiyo imeunganisha vifungu viwili, wengine husema imeshona kiraka tu. Siamui. Kuna msichana ambaye kaka yake yuko kule, na siku ile niliona afadhali nimpe munkoyo kuliko kumpa kifungu.

Mtu atasema "kifungu cha 15" kabla hamjaondoka, lazima. Kicheko hicho ni chetu tangu zamani: Katiba inayosema jitafutieni. Acha wacheke, halafu mfungulie cha 15 cha kweli amsomee mwenzake kwa sauti. Kinahusu kuondoa ukatili wa kingono. Baada ya hapo huwa hawacheki tena, na wanaume wawili watatu hutazama saa.

Karatasi ya simenti usiitupe. Ikunje, uiandike tarehe, uitundike ndani jikoni ambako mvua haifiki. Kundi lijalo litaanza kwa kuirekebisha. Mwaka huu wameifuta "kukwamisha" na kuandika "kuzuia", kisha mtu akafuta "kuzuia" na kurudisha "kukwamisha", hadi karatasi ikatoboka pale pale kwenye neno. Nimebandika kipande kipya nyuma. Mabenchi yarudi kanisani kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwaya inayahitaji.